JavaFX ipo, Java yasema haipo

Ujumbe wenyewe ni mfupi: vijenzi vya JavaFX havipo, na programu hii inavihitaji. Kijana anafungua folda, anaviona vyote vimejipanga. Anaendesha tena, anajibiwa vilevile.

Aliyenionyesha kisa hiki ni fundi wa programu za maduka jijini Dar es Salaam, ambaye jioni hufundisha vijana. Enzi za Java 8, JavaFX ilikuja ndani ya furushi la Oracle. Septemba 2018 ikatoka Java 11, JavaFX ikaachwa nje. Sasa unaipakua kando, na ya Windows haifai kwenye Linux. Anayesomea notsi za zamani atayajuaje hayo?

Njia rasmi ni kurefusha amri: --module-path ioneshe folda ya lib, kisha --add-modules javafx.controls. Sawa. Lakini fundi hakuishia hapo. Alifungua faili jipya, akaandika klasi ya mistari michache, akaiita Launcher. Hairithi chochote. Kazi yake ni moja: kuita main ya klasi ileile iliyokataliwa. Akaendesha hiyo Launcher bila kurefusha amri. Dirisha likafunguka, vitufe na yote.

“Huyu mlinzi hapekui mizigo,” alisema. “Anatazama sare tu.”

Kumbe Java, kabla ya kuanza, huangalia kama klasi kuu imerithi Application ya JavaFX. Ikiwa imerithi, hudai moduli ya javafx.graphics iwe imepakiwa kama moduli; maktaba zilizo kwenye classpath hazihesabiwi, hata ziwe kamili. Klasi isiyorithi Application haiulizwi kitu. Tangu JavaFX 16 huchapwa onyo kwamba mpangilio huo hauungwi mkono, kisha programu inaendelea na shughuli zake.

Basi kwa nini ujumbe useme vijenzi havipo, badala ya kusema havikupitishwa njia inayotakiwa? Nilimuuliza. “Hilo waulize walioandika,” alisema, akacheka.

Wenye maduka hawayaoni haya. Kwao fundi hutengeneza kifurushi kwa jpackage, Java ikiwa humohumo ndani, wao wakabofya tu. Kazi zake za zamani ziko kwenye Swing, ambayo haijawahi kuondolewa kwenye JDK. Vijana wanaicheka sura yake, yeye hajali.

Mbinu ya Launcher anawafundisha pia, ila baadaye. Kwanza wanaiandika ile amri ndefu kwa mkono, herufi kwa herufi, na wananung'unika kweli.