Fahamu Kazi ya Mshauri Nasaha Anapoanzisha Kundi Jipya

Ukipita karibu na zahanati ukaona watu kumi wameketi kwa mduara chini ya mti, huenda ukadhani ni chama kinachokusanya mchango wa wiki. Huenda ni kundi la ushauri nasaha, yaani watu wenye tatizo linalofanana ambao hukutana mara kwa mara wakiongozwa na mshauri, wakazungumza, wakasikilizana na kusaidiana kutafuta njia. Linaweza kuwa kundi la wanaojaribu kuacha pombe, la waliofiwa, la akina mama waliolemewa na huzuni baada ya kujifungua, au la wanaoishi na ugonjwa wa muda mrefu.

Mkazi anapoalikwa katika kundi kama hilo huwa na maswali mawili. Je, siri yangu itabaki hapa? Na huyu mshauri atanisaidia vipi kuliko jirani yangu? Majibu yake yanategemea sana kazi ambayo mshauri hufanya kabla ya kikao cha kwanza na katika majuma machache ya mwanzo.

Je, kundi husaidia kweli?

Mfano mzuri uko hapa jirani. Mwaka 2003 kulichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, kusini magharibi mwa Uganda. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu wenye dalili za mfadhaiko walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila kikao, kwa majuma 16. Wanaume walikuwa na makundi yao na wanawake yao, na viongozi walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo. Walioshiriki walipata nafuu kubwa kuliko wakazi wa vijiji ambavyo havikuwa na makundi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo ili itumike kwingineko.

Makundi hayo hayakujianzisha yenyewe. Kulikuwa na mpango, muda maalum na kiongozi aliyejua kazi yake.

Kabla ya kikao cha kwanza

Kazi ya kwanza ya mshauri ni kuamua kundi ni la nani na la nini. Kundi la “kila mwenye shida” huyumba haraka, kwa sababu mjane wa mwezi mmoja na kijana anayepambana na pombe wanahitaji mazungumzo tofauti.

Pili, hukutana na kila mtu peke yake. Humweleza kundi litafanya nini, humuuliza anatarajia nini, na kumpa nafasi ya kukataa. Hapo ndipo hutambua asiyefaa kuingia kwa sasa. Anayefikiria kujiua, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye mwili wake umeizoea pombe kiasi kwamba akiiacha ghafla hutetemeka na kupata kifafa, anahitaji daktari kwanza. Mshauri mwema humpeleka hospitalini, kisha kundi linaweza kumngoja.

Katika mazungumzo hayo pia hugundua uhusiano baina ya watu. Si vyema mke aketi na mama mkwe wake katika kundi moja, au mdeni na anayemdai. Katika vijiji vyetu ambako kila mtu anamjua mwenziwe, hili huhitaji uangalifu mkubwa.

Tatu, hupanga idadi, mahali na wakati. Watu kati ya sita na kumi na wawili hutosha. Wakipungua sana, wawili wakikosa kikao kinadorora. Wakizidi, wanyamavu hawapati nafasi. Mahali pawe na faragha, na siku isigongane na siku ya soko au ya ibada. Mshauri pia huamua kama wanachama wapya wataruhusiwa kuingia katikati, na hutaja mapema siku ambayo kundi litamaliza kazi yake.

Siku ya kwanza

Watu hufika wakiwa na wasiwasi, wengine wakiketi karibu na mlango. Mshauri huanza kwa kujitambulisha, kueleza lengo, kisha kuongoza kundi litunge kanuni zake lenyewe. Kanuni ambayo wanachama wameitamka kwa vinywa vyao huheshimiwa kuliko ile iliyobandikwa ukutani.

Kanuni kuu ni siri. Linalosemwa kwenye mduara hubaki hapo. Lakini mshauri mkweli hutaja pia mipaka: iwapo maisha ya mtu yako hatarini, au mtoto anadhulumiwa, atalazimika kuwahusisha wanaoweza kuokoa. Vilevile hueleza kwamba yeye anaweza kuahidi kwa niaba yake, ila usalama wa siri unategemea wanachama wote. Ndiyo sababu simu huzimwa, hakuna picha, na kundi la WhatsApp, likihitajika, hutumiwa kutangaza saa na mahali tu. Neno moja likifika sokoni, mwenye siri anaweza kupoteza ndoa au kazi, na wenzake hawatafungua vinywa tena.

Mshauri si chifu wala mhubiri

Kundi jipya humtazama kiongozi kama mwalimu. Kila swali huelekezwa kwake. Mshauri aliyefunzwa hulirudisha: “Nani hapa amewahi kupitia jambo kama hilo?” Polepole watu huanza kuzungumza wao kwa wao, na mtu aliyekuja akidhani yuko peke yake hugundua kuwa sivyo.

Humpunguza kwa upole anayeteka mazungumzo, na humpa mnyamavu nafasi bila kumlazimisha. Hatoi hukumu, hachukui upande na hamwambii mtu amwache mumewe.

Baada ya vikao vichache, mivutano huzuka. Mmoja huchelewa, mwingine hulalamika kwamba kundi halina faida. Mtaalamu Bruce Tuckman aliandika mwaka 1965 kwamba makundi hupitia kipindi cha kujuana, kisha mvutano, ndipo yakubaliane na kuanza kazi. Mvutano basi si ishara kwamba kundi limekufa. Mshauri huuleta mezani, watu wakausema waziwazi badala ya kuunong’ona njiani.

Haki zako kama mkazi

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Una haki ya kumuuliza mshauri kuhusu usajili na mafunzo yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo uliza daftari la kundi linawekwa wapi na nani hulisoma. Una haki ya kunyamaza, na una haki ya kuondoka. Tunachokuomba ni kuaga kikaoni, ili wenzako wasibaki wakijiuliza walikukosea wapi.

Unapohitaji msaada

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Unaweza pia kupiga simu bila malipo:

1199 – Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, kwa ushauri nasaha
1192 – NACADA, kwa masuala ya pombe na dawa za kulevya
1195 – dhuluma za kijinsia
116 – masuala ya watoto

Ukialikwa katika kundi jipya, nenda kwanza ukazungumze na mshauri ana kwa ana. Muulize yote yaliyoelezwa hapa. Akikujibu kwa uwazi na bila kukuharakisha, utakuwa umeona namna atakavyowasikiliza wengine.