Mabomu yale yale, lakini kila mtu na woga wake

Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mitaa yetu ya Kisangani. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na 1,700 hivi walioumizwa. Makombora yaliyoanguka yalipita 6,600. Wale waliopona tunaishi nao parseli moja, na hadithi ya namna hii si ngeni kwa mtu: ndugu wawili wa mama mmoja walijificha chini ya kitanda kimoja siku zote sita. Leo mmoja anauza sokoni, anacheka, analala vizuri. Mwingine, radi ikipiga tu, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, usiku anakaa macho. Watu wanasema: huyu ni mwoga tu, ama ukoo wao umelogwa. Maneno hayo yanamuumiza mara ya pili, na tena si kweli.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo kama karanga iliyo bado ndani ya ganda. Inaitwa amigdala. Kazi yake ni kupiga kengele: kabla hujafikiri, imekwisha kuambia moyo upige haraka na miguu ijitayarishe kukimbia. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, njo inayotuliza: ni radi, si bomu. Hizo mbili zinasemezana kwa njia ya kemikali kama serotonini, dopamini na noradrenalini. Kemikali hizo zinatengenezwa, zinapokelewa na kuondolewa kwa kazi ya protini, na maelekezo ya kila protini yako katika jeni tulizopewa na baba na mama. Herufi moja ikibadilika katika maelekezo, protini yako inaweza kufanya kazi pole pole kuliko ya jirani.

Mfano mmoja uko mlangoni petu. Upande wa kuume wa mto, kuelekea Buta na Bafwasende, pori ni la sokomutu. Ukivuka Lubunga na kwenda mbali, kuelekea Opala na Lomami, unakuta bonobo. ADN zao zinatofautiana kwa asilimia 0.4 hivi tu. Lakini madume ya sokomutu yanaweza kuvamia kundi la jirani na kuua, wakati makundi ya bonobo mara nyingi yanakutana na kula pamoja. Mwaka 2016 watafiti waliopima ubongo wa hao wawili walikuta kwamba amigdala ya bonobo iko na nyuzi za serotonini zaidi ya mara mbili kuliko ya sokomutu. Nyuzi peke yake hazielezi tabia yote. Chakula na pori vinahesabika pia. Lakini zinaonyesha kwamba kengele ya woga inaweza kujengwa kwa namna tofauti, hata kwa ndugu wa karibu.

Na kwa watu je? Jibu moja lilitoka kambi ya Nakivale, kule kusini-magharibi ya Uganda. Watafiti wa Ujerumani na Uswisi walifuata watu 424 waliopona mauaji ya Rwanda, wakatoa matokeo mwaka 2010. Waliangalia jeni moja, COMT, inayosaidia kusafisha dopamini na noradrenalini. Wale waliorithi aina ya pole pole kwa baba na kwa mama pia walikuwa na hatari kubwa ya ugonjwa wa kiwewe, ule watu wanauita traumatisimu, hata kama walipitia mambo machache. Kwa wengine wote, hatari ilipanda ngazi kwa ngazi kadiri mateso yalivyoongezeka. Maana yake yule ndugu anayelala vizuri hakuzaliwa na ngao. Pengine mzigo wake haujajaa.

Tusitie jeni moja chumvi, hata hivyo. Uchunguzi mkubwa wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba wasiwasi unatokana na mamia ya tofauti ndogo ndogo za ADN, kila moja ikisukuma kidogo tu. Utafiti wa mapacha unasema urithi unaeleza theluthi moja hadi nusu ya tofauti kati ya watu. Zingine zinatoka katika maisha. Na wengi waliopimwa ni watu wa asili ya Ulaya, wakati ADN ya Waafrika njo yenye tofauti nyingi kuliko zote duniani. Basi mtu akija kukuuzia kipimo cha "jeni ya woga," mwache apite na mzigo wake.

Jeni haibadiliki, lakini kengele inaweza kufundishwa upya. Nakivale hiyo hiyo, wakimbizi wa kawaida, si waganga, walifundishwa kumsaidia mgonjwa kusimulia maisha yake kwa mpangilio: yale mazuri, yale ya kutisha, nini kilitokea kwanza, nini baadaye, mpaka ubongo utambue kwamba bomu lile ni la siku ile, si la leo. Jaribio lilihusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Baada ya miezi tisa, 70 kwa mia ya waliosimulia hivyo hawakuwa tena na ugonjwa. Kwa wale waliofuatiliwa tu bila matibabu, ilikuwa 37 kwa mia.