Opali: Jiwe Lenye Maji Linalohitaji Subira ya Mkataji

Katika Mji Mdogo wa Tinde, wilayani Shinyanga, mahali ambapo barabara itokayo Shinyanga mjini hugawanyika kuelekea Nzega na Kahama, habari za mawe si ngeni. Upande wa Kishapu kuna almasi ya Mwadui. Upande wa Kahama na Geita kuna dhahabu. Kwa muda mrefu, hata hivyo, jiwe katika ukanda huu limethaminiwa kwa kile kinachotolewa ndani yake, na likishapita kwenye karasha hubaki kifusi. Kukusanya mawe kwa ajili ya kuyatazama, kuyakata na kuyapanga katika kabati la kioo ni burudani ambayo bado haijapata wafuasi wengi, ingawa vifaa vyake na maarifa yake havipo mbali na mikono ya wananchi waliozoea mwamba.

Miongoni mwa mawe yanayowavutia wakusanyaji duniani, opali ina nafasi ya pekee. Vilevile ndilo jiwe linaloharibika kwa urahisi zaidi mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Opali ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, ambao pia ndio unaounda mwamba mweupe wa kwatzi unaoonekana katika mashimo mengi ya dhahabu. Tofauti iko katika mpangilio na katika maji. Chembe za kwatzi zimejipanga kwa utaratibu wa fuwele, ilhali opali haina utaratibu huo, na ndani yake yamefungwa maji ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito wake, na wakati mwingine huzidi kiwango hicho. Maji hayo ndiyo chanzo cha matatizo mengi yanayoelezwa katika makala haya.

Kuna opali za aina mbili kuu. Ya kwanza ni opali adhimu, inayometameta rangi nyingi kadiri jiwe linavyogeuzwa. Katika mwaka 1964, wanasayansi wa Australia waliichunguza kwa hadubini ya elektroni na kubaini kuwa imejengwa kwa vijitufe vya silika vilivyopangwa kama machungwa sokoni, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban nanomita 150 hadi 300. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanga ukipita katikati ya vijitufe hivyo hutawanyika na kuwa rangi: vijitufe vidogo hutoa buluu na zambarau, vikubwa hutoa nyekundu. Ya pili ni opali ya kawaida, ambayo vijitufe vyake havikupangika, hivyo haimeti, lakini inaweza kuwa na rangi yake yenyewe iliyotulia.

Opali ya Tanzania inayojulikana zaidi ni ya aina hii ya pili. Hupatikana Haneti, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, ikiwa pamoja na krisoprasi, na rangi yake ya kijani hutokana na nikeli. Miamba ya eneo hilo ina nikeli kwa asili. Ilipochakaa kwa mvua na jua karibu na uso wa ardhi, silika iliyoyeyuka ilipenya katika nyufa na kuganda humo ikiwa imebeba rangi hiyo. Anayesafiri kutoka Tinde kwa barabara kuu ya Nzega, Igunga na Singida hufika Dodoma bila kuiacha lami, na kwa mkusanyaji wa Shinyanga huko ndiko nyumbani kwa opali kulikokaribu. Kwa opali inayometa, jirani mwenye jina ni Ethiopia, ambako machimbo ya Wegel Tena katika eneo la Wollo yalianza kuvuta wanunuzi wa dunia mwaka 2008.

Ni halali kuuliza kwa nini opali haiokotwi Tinde kwenyewe. Miamba inayobeba dhahabu ya Geita na Shinyanga ni ya kale mno, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Opali haidumu muda mrefu kiasi hicho: kadiri zama zinavyopita hupoteza maji yake na kugeuka kalsedoni au kwatzi. Ndiyo maana mwananchi anayeokota jiwe jeupe lenye mng'ao wa maziwa kandokando ya shimo la dhahabu huwa ameshika kwatzi, hata kama mtu mwingine amemhakikishia vinginevyo.

Namna ya kutambua ni nyepesi, na katika ukanda wa dhahabu kifaa chake kipo kila mahali: mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Jiwe hupimwa likiwa kavu, kisha hupimwa tena likiwa limening'inizwa kwa uzi ndani ya kikombe cha maji bila kugusa kuta wala chini. Uzito wa kwanza hugawanywa kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Jiwe la gramu 21 likisoma gramu 11 majini, tofauti ni 10 na jibu ni 2.1, ambayo ni opali. Kwatzi hutoa 2.65. Kipande cha chupa, ambacho mara nyingi huuzwa kwa wageni kama kito, huwa karibu na 2.5. Kipimo hiki hakilijeruhi jiwe, tofauti na kulikwaruza kwa msumari au kulipiga nyundo kama wengi wafanyavyo. Opali yenye vinyweleo vingi vya hewa, hata hivyo, inaweza kunywa maji wakati wa kupimwa na kuyumbisha jibu, kwa hiyo kipimo cha pili hufanywa upesi.

Baada ya kulitambua jiwe, kishawishi ni kuliweka kwenye msumeno siku hiyohiyo. Hapa ndipo opali nyingi hufa. Jiwe lililotoka ardhini likiwa na unyevu huanza kukauka, na likikauka kwa kasi hufanya nyufa nyembamba zinazofanana na utando wa buibui. Wakataji wazoefu huliacha jiwe ghafi kivulini kwa wiki au miezi kadhaa, mbali na jua na bati la moto, na kulikagua mara kwa mara kwa tochi na kioo cha kukuzia. Litakalopasuka hupasuka hapo, kabla halijaliwa kazi ya siku tatu. Litakalobaki zima lina nafasi nzuri ya kubaki zima hata baada ya kukatwa. Kwa hali ya hewa ya Shinyanga, yenye miezi mirefu ya kiangazi, subira hiyo ina uzito zaidi kuliko katika maeneo ya mwambao.

Ukataji wenyewe huanza kwa kusoma jiwe. Opali inayometa hubeba rangi katika tabaka, na msumeno ukipita mahali pasipofaa tabaka hilo hugeuka tope. Mkataji hulilowesha jiwe, huligeuza chini ya mwanga na kuweka alama kwa penseli upande ambao rangi inatazama. Kwa opali ya kijani ya Haneti kazi ni rahisi kidogo: hutafutwa sehemu yenye rangi sawia isiyo na mishipa ya mwamba wa kahawia. Kwa sababu opali ni laini kuliko vito vingi, ikiwa na ugumu wa kati ya 5.5 na 6.5 katika kipimo cha Mohs chenye ngazi 10, haikatwi kwa nyuso nyingi kama almasi, isipokuwa kwa nadra. Huchongwa kuwa kabochoni, yaani umbo la kuba lenye tumbo la mviringo juu na sehemu bapa chini.

Jiwe hugandishwa kwenye ncha ya kijiti kwa nta ili vidole visifike kwenye gurudumu. Nta huyeyushwa kwa moto wa chini, na jiwe hupashwa joto polepole. Ukilishika kwa koleo na kulipitisha juu ya mwali, maji ya ndani hupanuka na jiwe hupasuka. Gurudumu la kusagia lenye unga wa almasi hutumika kwa hatua, kuanzia namba 220 au 280 kwa kutoa umbo, kisha 600, 1200 na 3000 kwa kuondoa mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Hatua isirukwe. Mkwaruzo wa 280 uliofichika chini ya mng'ao wa 3000 hujitokeza siku jiwe linapowekwa kabatini, na wakati huo hakuna njia ila kuanza upya na kupunguza jiwe. Mng'ao wa mwisho hutolewa kwa oksidi ya seri juu ya ngozi iliyolowa, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa msuguano nao huzaa joto.

Upotevu hauepukiki, na Shinyanga ina mfano wake maarufu. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 na kutolewa na John Williamson kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza ilikuwa na karati 54.5 ilipotoka ardhini. Ilipomaliza kukatwa London ilibaki na karati 23.6. Hiyo ilikuwa kazi ya mabingwa, juu ya jiwe gumu kuliko yote. Anayeanza asishangae opali ya gramu 10 ikimwachia kito cha gramu 3, na ni busara majaribio ya kwanza yafanyike kwa akiki au kwa kwatzi ya kawaida ambayo haina gharama.

Jambo moja halina mjadala: maji yawepo wakati wote wa kukata. Maji hupoza jiwe, lakini kazi yake kubwa ni kuzuia vumbi. Wachimbaji na wasagaji wa mawe ya dhahabu wa Geita na Shinyanga wanaufahamu ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na vumbi la silika. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuurudisha uzima wa pafu, na humfanya mgonjwa awe mwepesi wa kushambuliwa na kifua kikuu. Opali yenyewe haina fuwele, lakini hukaa ndani ya kalsedoni na kwatzi ambazo zinazo, na mkataji hukata vyote kwa pamoja. Grainda ya kukatia chuma ikitumika kavu, ndani ya chumba ambamo familia inalala, huacha sakafuni unga mweupe unaopeperuka kila unapofagiliwa. Mahali pa kukatia pawe nje au penye hewa ya kutosha. Tope la mashine lifutwe likiwa bado bichi. Na barakoa ya vumbi laini ivaliwe hata pale maji yanapotiririka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo.

Opali ya Ethiopia inahitaji uangalifu wa ziada. Nyingi kati yake hunywa maji: ikitumbukizwa huwa angavu kama kioo na rangi zake hutoweka, kisha hurejea polepole inapokauka, jambo ambalo limewatia hofu wanunuzi wengi wa mara ya kwanza. Kwa tabia hiyohiyo hunywa mafuta, sabuni na rangi, na hivyo visivyo maji havitoki kirahisi. Mfanyabiashara wa vito hugusisha jiwe kwenye ncha ya ulimi. Likinata, anajua ni la aina hiyo.

Kwa upande wa sheria, burudani hii haiko nje ya utaratibu. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini yote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Jiwe haliokotwi katika eneo lenye leseni ya mtu mwingine bila ridhaa yake, wala halinunuliwi kwa mtu asiye na leseni. Njia salama ni kununua kwa mfanyabiashara mwenye leseni au katika masoko ya madini, ambayo lile la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na kutunza stakabadhi. Kusafirisha vito nje ya nchi kunahitaji kibali, hata kama jiwe ni moja na ni zawadi. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi ndiyo mahali pa kuuliza kabla ya kununua.

Kuhusu maonesho, adui wa opali kabatini ni taa. Balbu inayotoa joto ikiwekwa sentimita chache juu ya jiwe hufanya kazi ya jua la mchana, na krisoprasi na opali ya kijani zinaweza kupauka zikikaa kwenye mwanga mkali kwa muda mrefu. Taa za LED zilizowekwa pembeni zinatosha. Kitambaa cheusi huinua rangi za opali inayometa; ya kijani hupendeza zaidi juu ya kitambaa cheupe. Pamoja na kito kilichong'arishwa, ni vyema kuweka kipande ghafi cha jiwe lilelile, kikiwa na gamba lake, ili mtazamaji aone kilichotoka wapi.

Kila jiwe liwe na kadi: namba, aina, uzito kabla na baada ya kukatwa, mahali lilipotoka, tarehe ya kununuliwa na namba ya stakabadhi. Asiye na hakika na aina ya jiwe lake anaweza kulipeleka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) jijini Dodoma, na anayetaka kujifunza ukataji kwa vitendo hupokelewa katika Kituo cha Jemolojia Tanzania (TGC) kilichopo Arusha. Kadi hiyo huandikwa siku jiwe linapoingia nyumbani, kwa kuwa baada ya mwaka mmoja opali mbili za kijani zilizokaa trei moja hazitofautishiki tena, na ile ya Haneti haitaweza kusema kwao ni wapi.