KIDOLE KILICHOKUNJAMA: SI KILA MSHIPA NI KANO

Pengine mumeona muzee ambaye kidole chake cha nne ao cha mwisho kimekunjama, hakinyooki tena. Mtaani watu wanasema: "Mishipa imekaza." Wengine wanasema ni ukoma, wanaanza kumukimbia. Shida ni kwamba neno mshipa tunalitumia kwa vitu mbalimbali. Tuvitenganishe.

Cha kwanza ni kano. Mama akikata mguu wa kuku, vuta ule uzi mweupe: vidole vya kuku vinafunga. Ile njo kano. Katika mkono wetu pia kano zinavuta vidole.

Cha pili ni utando mgumu ulio chini ya ngozi ya kiganja, juu ya kano. Ukinenepa, unafanya kwanza vinundu, halafu kamba. Kamba inajifupiza na kukunja kidole, kumbe kano chini yake ni nzima! Munganga Mfaransa Guillaume Dupuytren alifundisha hivyo kule Paris mwaka 1831, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Unashika sana wazee wa Ulaya ya kaskazini. Kwetu Afrika ni haba.

Cha tatu ni mshipa wa fahamu. Ukoma unaharibu ule unaopita nyuma ya kiwiko, na vidole vinavyokunjama kwanza ni vilevile viwili. Lakini hapa kiganjani hamuna kamba, na ngozi ya vidole haisikii vizuri moto wala sindano.

Na ile ngozi ngumu ya wenye kusukuma chukudu hapa Goma? Ile ni ya juu tu, haikunji kidole.

Sasa faida ni nini? Kwanza, musikubali mtu akate kamba kwa wembe nyumbani: karibu nayo munapita mishipa ya damu na ya fahamu ya kidole. Pili, ukoma unapona. Dawa zake za mchanganyiko, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, zinatolewa bure. Lakini mgonjwa akifichwa nyumbani, mkono unaweza kubaki umekunjama hata baada ya kupona.

Basi ndugu, ukiona kidole cha baba kimekunjama, usicheke, usimukimbie. Angalia kama kuna kamba, uliza kama anasikia, halafu umusindikize kwa munganga.