Mbu wa Mchana na Walinzi wa Ngozi

Huko Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika, homa ikimpata mtu hudhaniwa kwanza kuwa malaria, na chandarua hufungwa jioni. Ni vyema, kwani mbu wa malaria huuma usiku. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, aitwaye Aedesi. Huyu huuma mchana, wakati mama anapoanika ndagala, naye hueneza virusi vya dengi, chikungunya na Zika. Si mageni haya: virusi vya Zika viligunduliwa Uganda mwaka 1947, na jina chikungunya ni la Kimakonde, la kueleza mgonjwa aliyekunjwa na maumivu ya viungo.

Mbu achomapo, virusi huingia ngozini pamoja na mate yake. Ngozi nayo si gamba tupu. Seli zake hulinda zamu kama askari; zikimtambua adui hutoa interferoni, kemikali ya kuzionya seli jirani zijihami. Hapo ndipo penye hila. Virusi vya dengi na Zika huiharibu ndani ya seli protini ipelekayo onyo hilo kwenye kiini. Tarumbeta yalia, kambi haisikii! Tena baadhi ya walinzi huambukizwa wenyewe, wakavibeba virusi hadi kwenye tezi.

Kwa hiyo afadhali mbu asizaliwe. Mapipa na mitungi ifunikwe. Kumwaga maji pekee hakutoshi, maana mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, sharti pasuguliwe.