Usiache Kutu Ile Jembe Lako

Ndugu mkulima, palizi ikiisha na watu wakirudi nyumbani, jembe lako hulala wapi? Wengi wetu hulitupa nyuma ya nyumba likiwa bado na udongo mbichi. Asubuhi ya pili lina madoa mekundu. Baada ya mwezi limegeuka jekundu lote, na likipigwa jiwe humenyeka kama ganda la mti.

Unga ule mwekundu si uchafu uliotoka nje. Ni jembe lako lenyewe linaloliwa. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na chuma kilichokwisha kuwa kutu hakirudi. Nchi yetu ya vilima, kutoka Manga mpaka Borabu, ina mvua nyingi. Kwa kawaida Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna msimu mrefu wa ukavu wa kuvipumzisha vyombo. Mvua ile ile inayostawisha chai na ndizi ndiyo inayokula jembe. Na pesa za kununua jembe jipya ni zile zile ambazo zingenunua mbolea au kulipa karo ya mtoto.

Twataka kukueleza leo jinsi ya kukigeuza chuma chenye kutu kiwe cheusi, na jinsi ya kukilinda, kwa vitu vilivyomo nyumbani mwako.

MAFUNDI WA BUNDUKI WALIFANYAJE?

Huenda umeona bunduki ya askari, jinsi chuma chake kilivyo cheusi chenye kuelekea rangi ya buluu. Ile si rangi ya kupaka. Mafundi wa zamani walikiacha chuma kishike kutu nyembamba kwa makusudi, kisha wakakichemsha katika maji safi. Kutu nyekundu ikageuka nyeusi, yenye kushikamana na chuma. Wakasugua kwa brashi, wakarudia mara nyingi, na mwisho wakapaka mafuta.

Siku hizi zinauzwa dawa za chupa ambazo hukitia chuma weusi kwa dakika chache bila moto. Nyingi zina asidi ya seleniamu pamoja na mrututu. Seleniamu ni sumu ikimezwa, na asidi yake huunguza ngozi; mvuke wake nao haufai kuvutwa. Tena weusi wake ni mwembamba, hutoka upesi kwa kusuguliwa. Jembe linalosuguana na udongo kutwa nzima halitafaidika nayo, na chupa ya namna hiyo haina mahali pake katika nyumba yenye watoto. Kuhusu bunduki yenyewe, sheria ya Kenya haina mchezo: mwenye cheti aipeleke kwa fundi aliyesajiliwa.

Wengine watafikiri, “Mrututu naujua, ni dawa ya kahawa, nitautumia peke yake.” Usifanye hivyo. Tumbukiza msumari safi katika maji ya mrututu, utauona ukigeuka mwekundu kama shaba. Ni shaba kweli, lakini wakati inaposhika juu, chuma chenyewe kinayeyuka. Na mahali shaba hiyo itakapochubuka, kutu itaingia kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu hata bomba la kunyunyizia lenye sehemu za chuma lazima lisafishwe kwa maji mengi kila baada ya kazi.

DAWA IMO JIKONI

Majani ya chai yana kitu kiitwacho tanini. Maganda ya miwati yana tanini nyingi zaidi, na ndiyo maana yametumika kwa miaka mingi kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na kutu huigeuza kuwa kitu cheusi chenye buluu, kama wino. Fuata hatua hizi:

1. Osha udongo wote. Sugua kutu iliyolegea kwa brashi ya waya, msasa au mchanga wenye maji, mpaka kitambaa kikipitishwa kisichukue unga mwekundu. Madoa ya kutu iliyoshika sana si neno.

2. Osha tena kwa maji ya moto na sabuni ili kutoa mafuta, kisha kausha. Usishike chuma kwa vidole vitupu, kwa maana jasho lina mafuta na chumvi.

3. Chemsha vijiko 4 vikubwa vya majani ya chai katika nusu lita ya maji mpaka yawe meusi sana. Chuja, acha yapoe kidogo, kisha kamulia nusu ya limau.

4. Paka kwa kitambaa mahali pote. Acha nusu saa, kisha paka tena. Fanya hivyo mara 4 au 5. Utaona chuma kikianza kuwa cheusi.

5. Suuza kwa maji safi ili kutoa ukali wa limau. Kausha kabisa juani au karibu na moto, lakini si ndani ya moto.

6. Chuma kingali na joto la jua, paka mafuta membamba, kisha pangusa yanayozidi.

Angalia sana neno hili la moto. Mtu akikiweka kisu cha kupogolea chai au panga katika makaa, makali yake hulegea, na kulinoa hakutasaidia tena. Kazi ya moto mwachie mhunzi, anayejua kukitia chuma ugumu upya.

MAFUTA NDIYO MLINZI

Sasa sikiliza jambo lililo kubwa kuliko yote. Usidanganywe na rangi. Lijaribu mwenyewe kwa misumari 3 ya chuma kitupu, isiyopakwa zinki. Wa kwanza uache ulivyo. Wa pili utie weusi wa chai tu. Wa tatu utie weusi, kisha upake mafuta. Iweke nje juma moja katika majira ya mvua. Wa kwanza utakuwa mwekundu. Wa pili nao utaanza kushika kutu. Wa tatu ndio utakaokawia kuharibika.

Maana yake ni nini? Weusi huituliza kutu ya zamani na kuyapa mafuta mahali pa kushika. Anayezuia maji ni mafuta. Kwa hiyo mwenye kupaka mafuta kila jioni bila weusi atamshinda mwenye kutia weusi mara moja kisha akasahau.

Mafuta ya kupikia yasiyo na chumvi yanafaa, na ndiyo bora kwa visu vinavyogusa chai na mboga. Mafuta machafu ya injini yana vitu vya kudhuru ngozi na udongo. Usiyapeleke shambani mwa chakula. Siagi yenye chumvi usiitumie hata kidogo, maana chumvi ni rafiki wa kutu.

Tena angalia mahali pa kuweka vyombo. Wengi huweka majembe katika ghala moja na magunia ya mbolea. Mbolea za dukani zina chumvi zinazovuta maji hewani, nazo hula chuma upesi kuliko mvua. Afadhali utundike vyombo ukutani, mbali na mbolea, vyuma visiguse sakafu. Chombo kilichochomekwa juu ya dari la jikoni penye moshi hukaa kikavu, na wazee waliofanya hivyo hawakukosea.

Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa ya Borabu yalipogawanywa, familia zilianza maisha mapya katika skimu za makazi kwa jembe, panga na shoka. Pengine shoka la baba yako lingali pembeni ya ghala, jekundu, mpini umeoza. Usilitupe kabla ya kulisugua. Kutu ikiwa haijafika ndani, chini yake utakuta chuma kizima, kinachotaka kikombe cha chai nzito, tupa na mpini mpya.

Basi jioni ya leo, kabla hujanawa mikono, oshea jembe kwanza. Lipanguse, lipake mafuta, ulitundike. Ni kazi ya dakika 5. Mfundishe na mtoto, iwe desturi ya nyumba. Mvua itakaporudi, jirani atakuwa njiani kwenda dukani kununua jembe, na wewe utakuwa umekwisha kulima mstari wa kwanza.