Fahamu: Kwa nini kuku kidimu ana manyoya yaliyojikunja?

Ukikutana na kuku kidimu unapotafuta kitoweo katika soko la Burma, Shauri Moyo, Nairobi, unaweza kudhani ni mgonjwa: manyoya yamegeuka nje, ncha zinaelekea kichwani. Haumwi. Amezaliwa hivyo.

Chanzo ni nini?
Ni jeni moja. Mwaka 2012 watafiti walibaini kwamba kidimu ana kasoro katika jeni ya KRT75, inayotengeneza keratini, protini inayojenga nyoya. Kasoro hiyo hudhoofisha uti wa nyoya, nao hupinda badala ya kunyooka.

Vifaranga hurithi vipi?
Kifaranga hupata nakala moja ya jeni kwa baba na nyingine kwa mama. Nakala moja yenye kasoro yatosha kumfanya kidimu. Kidimu akipandishwa na kuku wa kawaida, kwa wastani nusu ya vifaranga huwa vidimu. Ukipandisha vidimu wawili, nusu hutoka vidimu, robo wa kawaida, na robo hubeba nakala mbili zenye kasoro: manyoya yao ni membamba, hukatika ovyo, na ngozi hubaki wazi.

Je, anamfaa mfugaji?
Kwenye joto la Pwani, ndiyo: mwili wake hupoa upesi. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai humlazimu ale zaidi ili apate joto. Mpe banda kavu lisilopitisha upepo, na umpandishe na mwenzake wa manyoya ya kawaida.